Siku Nilipoomba Nzi

Mimi nzi siwataki. Nasema mapema ili mtu asije akadhani huko mbele kwamba nimebadilika. Miaka thelathini na moja nilianika dagaa Murangi, na katika miaka yote hiyo adui yangu hakuwa mvua, wala mchanga, wala wachuuzi wa mjini wanaoonja kwa viganja vizima kisha wanaondoka bila kununua. Adui yangu alikuwa nzi. Akitua kwenye dagaa wabichi hata kwa muda wa mtu kupenga kamasi, kesho yake kuna funza, na funza mmoja akionekana kwenye gunia lako, jina lako limeoza sokoni kabla ya dagaa wenyewe. Wenzangu walimwaga dagaa mchangani wakaenda zao kusuka nywele. Mimi nilikuwa na chanja, nilikuwa na tawi la mwarobaini mkononi, na nilizunguka chanja zangu tangu jua linapochomoza hadi dagaa wakauke walie wakishikwa. Wanawake wa Mwisenge walipokuja kununua walisema, "Sisi tupe wa Dorotea." Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu duniani, na sikuwa na nyingine.

Kisha ziwa likapanda. Lilipanda hatua moja wiki hii, hatua mbili wiki ijayo, likachukua kiwanja cha chanja, likachukua choo, mwisho likaingia jikoni likakaa. Lilipoanza kurudi liliacha tope jeusi na magugu yanayonuka, na dagaa nao wakawa wa kubahatisha. Nilivumilia miaka mitatu. Mume wangu alishakufa zamani, mtoto wa kiume sikujaliwa. Ninaye Naomi tu, na Naomi ameolewa Butiama, kwa watu wa ng'ombe na mtama ambao wakimwona sato mzima wanauliza aliwe kuanzia wapi.

Mwanamke wa umri wangu kuhamia kwa mkwe ni aibu, na aibu ile niliimeza kavu. Tulivyolelewa sisi, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawasimami chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anapita majanini. Kasmiri, mkwe wangu, aliyesoma mpaka kidato cha sita, akitaka kuniambia neno alimwambia Naomi nami nikiwa nasikia. Kama Naomi hayupo, alimwambia mbuzi. Alisimama uani akamwambia mbuzi, "Leo maji yatachelewa," nami ndani ya kibanda walichonijengea nyuma ya nyumba nikamjibu mbuzi huyohuyo, "Sawa." Nilikuwa nimesema nakuja kwa wiki mbili. Mambo haya ninayoyasimulia yalitokea mwezi wangu wa nane.

Kasmiri anafuga kuku wa mayai, mia mbili na ushei. Mtama ulikuwa umewatupa misimu miwili, kwa hiyo mayai yale ndiyo yaliyolisha nyumba, yakanilisha na mimi. Na kuku wenyewe walilishwa funza. Chakula cha dukani kilipowashinda, na dagaa wa kusagia walipoadimika, Kasmiri alikwenda Bunda kwa mtu aitwaye Chrispin akarudi na mayai ya nzi ndani ya kopo. Ndiyo, aliondoka na nauli yake, akasafiri, akaenda kuchukua nzi.

Siku yangu ya pili pale Naomi alinipeleka kwenye banda la funza, kijumba cha mabati chenye upana wa kitanda. Akafunua beseni kubwa. Nilidhani ni mchele unaochemka, nikashangaa moto uko wapi. Ulikuwa mchele unaotembea. Chini yake kulikuwa na maganda ya ndizi, machicha ya pombe, matumbo ya kuku, parachichi zilizooza, vyote vinatokota kwa joto lao wenyewe, na ukiinama unawasikia wanavyotafuna, chwa chwa chwa. Harufu yake ilikuwa tamu. Hapo ndipo tumbo langu liliposhindwa, maana uvundo wa ziwa nimeuzoea, lakini uozo wenye utamu sijawahi. Nilitapika palepale kizingitini.

"Mama, hizi ni safi," Naomi akasema, ananishika mgongo. "Nzi yake haituagi kwenye chakula. Haina hata mdomo wa kulia. Inakaaga mle kwenye neti, inataga, inakufa."

"Na wewe umekuwa wakili wao tangu lini?"

"Tangu zianze kutulisha."

Kwenye kona kulikuwa na neti ya kitanda iliyotundikwa kwenye fito, na ndani yake nzi weusi, warefu, wametulia wanaota jua lililopenya kwenye tundu la bati. Mimi niliyefukuza nzi hadi bega likapinda, binti yangu mwenyewe amewatundikia neti ili wasisumbuliwe. Tangu siku hiyo sikula yai. Nilimwambia Naomi yananipa kiungulia, naye alijua ni uongo.

Naomi alikuwa mjamzito wa miezi saba siku chupa ya uzazi ilipopasuka. Ilikuwa asubuhi, mwanzoni mwa masika. Kasmiri alimpakia kwenye gari la jirani waende hospitali ya Musoma, na kabla ya kupanda alisimama uani akamwambia mbuzi haraka haraka, "Kuku wapewe funza wa beseni kubwa, asubuhi na jioni. Makombo yawekwe kila siku. Mengine nitapiga simu." Mengine yale yalikuwa ya kuonyeshwa kwa kidole, na mimi na yeye hatuwezi kuingia pamoja kwenye kijumba chenye upana wa kitanda. Kwa hiyo hakunionyesha, wala mimi sikumwomba. Gari likaondoka.

Nilifunga kanga puani, nikavaa mifuko ya nailoni mikononi, nikaingia. Siku ya kwanza nilitapika mara mbili, ya pili mara moja. Nilichota funza kwa kopo huku nimeangalia ukutani, nikawamwagia kuku, nao wakawagombania kwa furaha ambayo iliniudhi. Lakini nilifanya. Mtu aliyekulisha miezi minane akikuachia beseni, hata likiwa la mavi utalibeba.

Siku ya tatu simu ikalia. Naomi amejifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, kilo moja na robo tatu. Anapumua mwenyewe, ananyweshwa maziwa kwa kijiko, madaktari wanasema hana tatizo ila hawatoki hapo mpaka afike kilo mbili na kitu. Nilikaa chini nikalia, nikamshukuru Mungu, nikaamka na nguvu mpya. Nilitaka wakirudi wakute kila kitu kinang'aa. Na nilipofunua beseni kwa moyo huo mwema, nikaona balaa.

Funza walikuwa wanaharibika. Sehemu yao walikuwa wamegeuka hudhurungi, wengine weusi kabisa, wakakakamaa ngozi, na weusi hao walikuwa wanapanda ukuta wa beseni wanatoroka. Walishajaa kwenye ndoo ya pumba iliyowekwa pembeni na kutambaa mpaka chini. Mimi ni mtu wa dagaa. Dagaa mzuri anang'aa mweupe kama kijiko. Akianza kuwa mweusi, ameoza, na mmoja mweusi ukimwacha anawaozesha wenzake. Hilo silifikirii, mikono inalijua yenyewe. Nikaona Kasmiri atarudi akute mali yake imeoza mikononi mwangu, na watu waseme ndivyo ilivyo ukimweka mama mkwe nyumbani.

Nikavua mifuko ya nailoni, maana huwezi kuchambua kwa mifuko. Kwa vidole vitupu, mimi, nikakaa juu ya kigoda nikachambua funza. Weusi huku, weupe kule. Walikuwa baridi, wananyumbuka, wanasukuma kucha. Nikitaka kutapika nilikuwa nasali Salamu Maria mpaka kichefuchefu kipite, na nilisali nyingi. Siku mbili nilichambua. Weusi wote niliwatupia kuku, na wale wa kwenye ndoo ya pumba pia, hadi wa mwisho, nikasugua ndoo kwa majivu. Beseni likabaki na weupe watupu, wazuri, wa kupeleka sokoni. Nilisimama nikalitazama kwa majivuno, Mungu anisamehe.

Jioni, nikiwa palepale bandani, nikampigia Naomi kumpa habari njema. "Nimekusafishia beseni. Zile nyeusi zilizooza nimezitoa zote, kuku wamekula."

Nikasikia anamwambia mtu pembeni, taratibu, na huyo mtu akavuta pumzi.

"Mama," akasema. "Zile za kwenye ndoo pia?"

"Zote. Hata moja sijaacha."

"Mama, zile nyeusi ndo zinakuwaga nzi. Zikiiva zinapanda zenyewe, zinaingia kwenye pumba, zinalala, zinatoka nzi. Nzi ndo zinataga. Hiyo ilikuwa mbegu yetu."

Nikageuka kuangalia neti. Nzi waliokuwamo walikuwa chini, wamekauka. Wanaishi siku chache tu, na hakukuwa na wa kuwarithi. Kwa vidole vyangu vilivyosifiwa kutoka Murangi hadi Mwisenge, nilikuwa nimechambua uhai wa nyumba ile nikawatupia kuku.

"Kasmiri anasemaje?" nikauliza.

"Hajasema kitu."

Afadhali angenitukana. Hakuweza hata hilo, masikini, kwa sababu mimi ni mama mkwe na mbuzi alikuwa mbali.

Kesho yake alfajiri nikapanda gari kwenda Bunda kumtafuta Chrispin. Niliuliza njiani, sokoni, kwenye maghala ya pamba, nikasemaje? Nasema, "Namtafuta kijana anayefuga nzi." Watu wazima wananitazama kwa huruma, mmoja akaniuliza nimekuja na nani. Mwisho nikamkuta kando ya barabara kuu anauza vipuri vya pikipiki.

"Mama, mimi niliachaga," akasema alipokwisha kunipa kiti. "Mke wangu aliniambia nichague, yeye au nzi."

Nilimwona huyo mwanamke ana akili kuliko sisi sote. "Kwa hiyo mbegu huna?"

"Sina. Na huku jirani simjui mwenye nazo. Nyeupe zimebaki?"

"Bakuli mbili hivi."

"Basi usiwape tena kuku, hata wakilia. Ziache ziive. Zitageuka nyeusi, zitapanda, utaziweka kwenye pumba kavu zilale. Wiki mbili, zaidi kidogo. Ila baridi, mama. Butiama masika hii? Zikipata baridi sana zinafiaga humohumo ndani." Akasita, akatazama spoku za pikipiki. "Na zikitoka zinataka jua. Bila jua hazi... hazioani."

"Kama hizo bakuli mbili zikifa?"

"Ndo basi."

Nilirudi na hilo "ndo basi" kwenye tumbo. Njia nzima nilijiuliza maswali ya kijinga. Nilitaka kurudi Murangi, nikae kwenye tope langu, niwe maskini safi. Lakini kurudi kungekuwa kuwaachia watoto shimo nililolichimba mimi, tena wakiwa na mtoto asiyefika kilo mbili.

Kuku niliwafungulia wajitafutie. Niliomba pumba mashineni kwa Rhobi, jirani yangu, nikachimba mchwa wa kuwaongezea mpaka mikono ikapasuka. Kuku walinifuata uani wanapiga kelele, mayai yakapungua nusu, na kila nilipopita kwenye beseni niliona chakula chao kimelala pale, nikajizuia. Hebu fikiri, mimi Dorotea nawanyima kuku ili funza washibe. Niliwalisha funza kabla ya kula mwenyewe. Niliwaponda ndizi. Niliwapa machicha kwa mkono, wakanitambaa hadi kwenye kifundo, na kinyaa kikanipanda mgongoni kila siku upya. Watu husema mtu huzoea. Sikuzoea hata kidogo.

Wakageuka weusi. Wakapanda wenyewe, nikawaokota mmoja mmoja, wale wale niliowaita wameoza, nikawalaza kwenye pumba. Wakakakamaa, wakatulia. Kisha mvua ikaanza, na haikuwa mvua ya kuja na kwenda. Siku nne jua halikuonekana. Ukungu ulishuka kwenye mawe ya mlima ukakaa uani. Nikigusa ile pumba ilikuwa baridi, na vile vimbegu vyeusi ndani yake baridi kuliko pumba. Nikasogeza ndoo karibu na mafiga, wa upande wa moto wakakauka wakapasuka, kiganja kizima kikaharibika. Nikaiondoa. Sikujua tena la kufanya, na ninaposema sikujua namaanisha nilisimama katikati ya jiko na ndoo mikononi nikaona akili yangu yote ya miaka thelathini na moja, ya jua, ya upepo, ya kukausha, haina neno moja la kunisaidia.

Siku hiyo Naomi alipiga simu. Mtoto ameongezeka. "Nambeba kangaruu," akasema. "Wauguzi wametufundisha. Unamweka kifuani, hana nguo, unamfunga na kanga, anakula joto lako. Nikichoka anabebwa na Kasmiri."

"Kasmiri? Mwanamume?"

"Anavua shati, anamweka kifuani, anatembea naye wodini. Wanaume wengine wanamcheka. Anasema wacheke."

Mkwe wangu, ambaye mila inamkataza hata kunitazama, anatembea kifua wazi mbele ya wanawake wasiomjua, ana mtoto amefungwa kwa kanga, kwa sababu ndicho kilichotakiwa. Na mimi nilijua mara moja ninachotakiwa kufanya, na nikaanza kulia kabla sijakifanya, maana kilikuwa kinachukiza mno.

Nilichukua foronya, nikaikata, nikashona mfuko wenye mifuko midogo midogo ndani ili wasilaliane. Nikawapanga na pumba kidogo. Nikaufunga kifuani, chini ya sweta, katikati ya maziwa yaliyomnyonyesha Naomi. Waliniingia na baridi yao kama vikokoto. Baada ya saa moja wakapata joto, na hapo ndipo wale wachache waliochelewa, ambao hawakuwa wamelala bado, walipoanza kujinyonganyonga. Nilikwenda nyuma ya choo nikatapika, nimeushika mfuko kwa mikono miwili usije ukaminywa. Kisha nikarudi kumenya viazi.

Siku kumi na moja nilitembea nao. Nilipika nao, nilifagia nao, nililala chali nao. Nilinuka. Harufu ya pumba iliyochacha ilinitangulia mlangoni.

Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ikaja kusali kwangu, zamu ilikuwa imefika na huwezi kuikataa. Watu kumi na wawili kibandani, mvua juu ya bati. Bonifasi, mwenyekiti wetu, akaongoza. Rhobi alikaa karibu yangu, nikamwona anavuta pua, akajisogeza, akatazama kifua changu, na kifua changu kikatikisika mahali ambapo hakipaswi kutikisika.

"Dorotea, umebeba nini humo?" akanong'ona.

"Dawa," nikasema. Uongo mwingine.

Tulifika kwenye maombi ya kila mmoja. Mmoja akaombea amani, mwingine wagonjwa, Rhobi akamwombea Naomi na mtoto, wote wakaitikia. Ikafika zamu yangu. Miaka yote nimezoea kumwomba Mungu vitu visafi, afya, mvua, kifo chema. Nikafungua mdomo niombe kimojawapo, kikakataa kutoka. Nilichokitaka kilikuwa kingine na kilikuwa kifuani, na nikaona kwamba nikimdanganya Rhobi ni sawa, lakini huyu nitamdanganyaje.

"Naomba nzi," nikasema.

Bonifasi akafungua jicho moja. Mzee huyo anajua Biblia, najua alikuwa anafikiria Misri na mapigo yake, na kwamba katika kitabu kizima hakuna mtu aliyepiga magoti akayaomba.

"Naomba nzi watoke wazima," nikaendelea, "wa Kasmiri, niliowaua kwa kujua kwangu kwingi. Nawachukia, Bwana, unajua. Walete hivyohivyo."

Kwa sekunde chache nilidhani watanicheka. Kisha Bonifasi, kwa mazoea au kwa imani, sijui, na sidhani kama vina tofauti kubwa hivyo, akasema taratibu, "Ee Bwana," na watu kumi na wawili wakaitikia, "twakuomba utusikie."

Wakati wa kuondoka Rhobi alisimama mlangoni. "Kumbe ndo maana unanuka hivyo," akasema. Kesho yake akaniletea sweta nzito ya mumewe.

Jumatano mvua ikakatika. Asubuhi ile jua lilitoka kali, ardhi ikafuka mvuke, na Naomi akapiga simu kwamba wametoka hospitali, wako njiani, mtoto ana kilo mbili na gramu mia moja. Nilifagia uwanja. Nilitaka kuoga, nikaogopa kuvua mfuko kabla maji hayajapata moto. Wakati nachochea moto nikahisi kitu kifuani. Hakikuwa kunyonganyonga kwa funza. Kilikuwa chepesi, cha miguu mingi. Kikatembea, kikasimama. Kingine kikaanza upande wa pili. Nikaacha kuni, nikasimama wima mikono nimeitenga na mwili, na hapohapo gari likapiga honi barabarani.

Naomi aliingia uani akitembea kwa kuinama, mkono mmoja kwenye mshono, mtoto amefungwa kifuani hata uso hauonekani. Kasmiri nyuma yake na mizigo, macho chini, anajiandaa kupita upande wa pili wa nyumba kama ilivyo desturi. Naomi alikuwa amechoka hadi midomo imekuwa myeupe.

"Mama, mpokee," akasema, anafungua kanga. "Muuguzi kasema asishuke kifuani mpaka anenepe. Muweke hapo."

"Subiri kwanza," nikasema. "Hapo kuna watu."

Akanitazama. Nikashusha zipu ya sweta kidogo, na mlio ukasikika, mdogo, wa mbawa. Naomi akaziba mdomo. Mafundo ya mfuko yalikuwa mgongoni, nilijua nikijaribu kuyafungua mwenyewe nitawaminya, na Naomi mikono yake ilikuwa na mtoto. Alibaki mtu mmoja pale uani, na alishafika kona ya nyumba.

Mbuzi alikuwa karibu. Sikumtazama.

"Kasmiri," nikasema. "Njoo uwachukue nzi wako."

Alisimama. Miaka minne sijamtaja jina mbele yake. Akaweka mizigo chini, akaja, macho bado ardhini, akasimama mbele yangu umbali wa mkono, na nikaona shingo yake inatoka jasho. Nikageuka nikampa mgongo, nikapandisha sweta. Akayafungua moja moja, bila haraka, na mfuko ulipolegea nikautoa kwa mbele, nikageuka, akaupokea kwa viganja viwili. Akautazama. Kisha akainua macho akanitazama mimi, usoni, na mimi nikamtazama. Ana macho mazuri, yamechoka. Kisha akakimbia nao bandani.

"Ngoja nioge," nikamwambia Naomi. "Nanuka. Walikuwa wananitambaa hapa."

"Atapata baridi, mama."

Akamtoa kwenye kifua chake akamlaza kwenye changu, palepale, kwenye jasho na vumbi la pumba. Uso wake ulikuwa kama ngumi. Alisogeza kichwa, akanusa, akakunja pua, na nikampenda kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote. Nikamfunga kanga.

Kutoka bandani sauti ya Kasmiri ikaja, kubwa, na hakuwa anamwita Naomi. "Mama! Wanaruka. Wako juani, wanaruka."

"Funga neti vizuri," nikamjibu. "Asije hata mmoja huku kwa mtoto."